Kiungo Kinapotajwa Badala ya Mtu



Simama kwenye kituo chochote cha daladala jijini Dar es Salaam, jioni, watu wanaporudi makwao. Utamsikia kondakta akimwambia dereva wake asubiri, bado vichwa viwili. Hakuna anayeshangaa. Kila aliyesimama pale anajua kwamba kichwa kimoja ni mtu mzima, pamoja na miguu yake, kikapu chake na nauli yake. Dereva wa bodaboda naye akiulizwa kijiweni alikuwa wapi, atajibu kwamba alipata kichwa cha Mbezi.

Katika vitabu vya fasihi usemi wa namna hii una jina. Huitwa sinekdoki. Sehemu ya kitu inatajwa, na msikilizaji anaelewa kitu kizima. Au kinyume chake, kizima kinatajwa na sehemu ndiyo iliyokusudiwa, kama mtangazaji wa mpira anaposema Tanzania imesawazisha, ilhali aliyesawazisha ni kijana mmoja. Jirani yake ni taashira, ambapo kitu huitwa kwa jina la kile kinachoambatana nacho, kama tunaposema Ikulu imetoa tamko. Wataalamu hubishana mpaka kati ya hizo mbili upite wapi. Leo siingii katika ubishi huo, kwa sababu kwa hili ninalotaka kulisema zote mbili hufanya kazi ile ile.

Lenyewe ni hili. Mwanafunzi wetu hufundishwa kuitambua tamathali hii, aipigie mstari katika sentensi na kuipa jina lake. Akishafanya hivyo amepata alama zake na somo limekwisha. Swali lenye uzito linaachwa. Mtu ana viungo vingi, kwa nini kimeshikwa hiki na si kile? Nani aliyekichagua? Mimi nashikilia kwamba kiungo kinachotajwa ni kile ambacho msemaji anakihitaji. Ukitaka kujua mtu anamtakia nini mwenzake, sikiliza ni kiungo gani cha mwili wake anachokitaja.

Wahenga walilijua hili vizuri. Walipotaka kumsema mtu asiyeshaurika walisema sikio la kufa halisikii dawa. Kilichotakiwa kwa mtu huyo ni usikivu, kwa hiyo mtu mzima akageuzwa sikio, na sikio hilo ndilo linalokufa. Waliposema mkono mmoja haulei mwana, mkono ndio mlezi, kwa kuwa kulea ni kubeba, kuogesha, kulisha na kufunika usiku, na yote hayo hufanywa kwa mkono. Na waliposema mkono mtupu haulambwi, walimaanisha mkono ule ule, lakini sasa anayeutazama anatafuta kilichomo kiganjani. Kiungo ni kimoja, haja ni mbili, na watu wawili tofauti wanatokea mbele yetu.

Kule pwani, asubuhi ya sikukuu, watoto hupita nyumba hadi nyumba wakiomba mkono wa Idi. Wanachopewa ni sarafu au noti ndogo, lakini kinachotajwa ni mkono, na ndani ya mkono huo yumo mtoaji mwenyewe, salamu zake na dua yake. Mfiwa naye tunakwenda kumpa mkono wa pole. Hakuna aliyepungukiwa hapo. Aliyeitwa mkono ameheshimiwa, na anayeupokea amejua kwamba ametembelewa na mtu.

Heshima hiyo huenda pia kwa njia ya kupanua. Mzee wa Kiswahili akikutana na mwenziwe njiani huuliza, hawajambo nyumbani? Mara nyingi anayemkusudia ni mke wa mwenziwe, ila muungwana wa zamani hakumtaja mke wa mtu kwa jina mbele za watu, basi akaitaja nyumba yote, wengi wakatajwa ili mmoja asitiriwe. Linganisha na usemi mwingine tulio nao, ule wa kwamba kijana akioa amepata jiko. Husemwa harusini kwa vicheko na kwa mapenzi, nami sina shaka na nia za wanaousema. Hata hivyo siupendi. Mke yule yule ambaye neno nyumbani lilimpanua mpaka akawa ukoo na ua na watoto, neno jiko limempunguza mpaka akawa mahali pa kuwashia moto. Aliyeuanzisha usemi huo alikuwa na njaa, na njaa yake ikamchagulia neno.

Hadi hapo tumo katika mazungumzo ya watu wanaojuana. Mambo hubadilika pale anayechagua kiungo anapokuwa na daftari mkononi, na anayetajwa hana la kusema.

Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lake la Afrika Mashariki mwaka 1898. Waingereza walifanya hivyo hivyo Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na walipoichukua Tanganyika wakatunga Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa mwaka 1922. Tazama walichokichagua. Mkusanya kodi hakuwa na njia ya kumjua kila mtu kijijini, wala hakuitaka. Paa linaonekana kutoka mbali. Paa halikimbii. Kwa hiyo paa likasimama mahali pa familia, na mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu. Wananchi nao wakaielewa hesabu hiyo haraka kuliko walioiandika. Sehemu nyingi familia zilijibana katika nyumba chache, watu wakalala kwa msongamano usiokuwapo kabla, ili mapaa yapungue. Daftari likaonyesha kijiji kimepungua nyumba, kumbe watu ni wale wale. Hapo watawala hawakuridhika na paa, wakashika na kichwa.

Kodi ya kichwa ilimtafuta mwanamume mtu mzima popote alipo, na wanaume wakajifunza kulala porini msimu wa kodi. Jina hilo lilidumu kuliko ukoloni wenyewe. Miaka mingi baada ya uhuru, kodi ya maendeleo iliyotozwa Tanzania watu waliendelea kuiita kodi ya kichwa, na wengi mnaonisikiliza mnawakumbuka mgambo waliopita alfajiri kuwasaka wasio na stakabadhi. Ilifutwa mwaka 2003.

Baada ya kichwa kikaja kipande. Nchini Kenya sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alipaswa kubeba hati yenye alama za vidole vyake na orodha ya waajiri wake, akaiweka ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachia, mtu hakuweza kwenda popote. Harry Thuku na wenzake waliipinga waziwazi. Alipokamatwa, umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi tarehe 16 Machi 1922, na watu wakapigwa risasi wakafa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru. Hadi leo Wakenya wengi huita kitambulisho chao kipande, na polisi wa usiku akisema leta kipande, anayesimamishwa anajua kwamba pasipo karatasi ile yeye mwenyewe hatoshi.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi, na siku ambayo kazi haikukamilika haikuandikwa. Vijana waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe na hata Burundi. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaajiri vibarua hao, iliyojulikana kama SILABU. Vijana hao walipewa namba, na kwa namba hizo wakaitwa manamba. Hili ni jina zito. Kijana aliondoka kwao akiwa na jina la babu yake, akashuka Tanga au Korogwe akiwa namba, na watoto wa mjini wakamwita hivyo barabarani. Wala hakuwa wa kwanza. Kabla yake, kule pwani, mtu wa kazi za kutwa alipewa kijikaratasi, barua ndogo, yaani kibarua, na karatasi hiyo ikamla mwenyewe hadi leo tunamwita kibarua bila kufikiri. Ona mfululizo huo: barua, kipande, namba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoota mwilini mwa mtu.

Ipo hesabu moja mbaya kuliko zote, nami lazima niiseme. Katika nchi iliyoitwa Dola Huru ya Kongo, mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, wanakijiji walilazimishwa kukusanya mpira wa msituni. Kijiji kilichoshindwa kutimiza kiasi kilipelekewa askari. Maofisa waliogopa askari wasitumie risasi kwa kuwinda nyama, wakataka kila risasi iliyotoka ithibitishwe kwa mkono wa kulia wa mtu aliyeuawa. Askari aliyewinda, au aliyekosa shabaha, alikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu itimie. Mikono ilipelekwa kwa maofisa ikiwa katika makapu, imekaushwa kwa moshi ili isioze.

Wasikilizaji, hapo tamathali ya usemi imetoka kinywani na kuwa mambo ya stoo. Mkono umesimama mahali pa mtu, kama ulivyosimama katika methali na katika mkono wa Idi, lakini aliyeuchagua alihitaji stakabadhi tu. Mwaka 1904 mmishonari Alice Seeley Harris alipiga picha iliyozunguka dunia nzima. Mwanamume aitwaye Nsala ameketi barazani, na mbele yake upo mkono mdogo na mguu mdogo. Ni vya binti yake Boali, mtoto mdogo aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Baba anavitazama. Kwa karani wa kampuni kile kiganja ni kielelezo cha risasi moja. Kwa Nsala kiganja kile kile ni mtoto wake mzima, kicheko chake, jina lake, na siku alizokuwa akimngoja mlangoni. Sijaona mahali pengine ambapo sehemu moja imebeba vizima viwili vilivyo mbali namna ile. Na nguvu ya picha ile ilikuwa hapo hapo, kwamba watu wa Ulaya na Marekani walilazimika kuutazama mkono kwa macho ya baba. Picha hizo, pamoja na ripoti ya konseli wa Uingereza, Roger Casement, iliyochapishwa mwaka huo huo, zilichangia sana kumfanya Leopold anyang'anywe Kongo mwaka 1908.

Sasa twende kwenye jambo lililonifanya niyaandae mazungumzo haya. Pale katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Samora, ipo sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Wengi wetu tumepanga kukutana na watu pale, tumepiga picha pale, tumeshuka teksi pale. Askari ameinama kidogo na bunduki yake, singe imeelekea bandarini. Nairobi na Mombasa nako zipo sanamu za ukumbusho huo huo, za watu waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 huku kwetu. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kuwekwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana, kisha yanawakumbuka wapagazi, na wapagazi hao yanawaita miguu na mikono ya jeshi.

Miguu na mikono ya jeshi. Aliyeandika alikusudia sifa, naamini hivyo. Na kwa upande wa ukweli wa vita hakukosea hata kidogo. Mbung'o waliua farasi na maksai, barabara zilikuwa chache, reli zilikuwa mbili tatu tu, na majeshi yalifukuzana kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, yakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na kuishia Rhodesia ya Kaskazini, ambako kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha ofisa kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Chakula chenyewe kililiwa njiani na wanaokibeba, kwa hiyo wakahitajika wapagazi wa kuwabebea wapagazi wengine chakula, na nyuma yao wengine tena. Wajerumani walifanya hivyo, Waingereza walifanya hivyo, Wabelgiji kutoka Kongo walifanya hivyo. Wachache walijiandikisha kwa hiari. Wengi walikamatwa shambani na kwenye njia za sokoni, na machifu wakaamriwa watoe idadi.

Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa nimonia, kwa unga ambao haukupikika vizuri na kwa baridi ya milima waliyopandishwa bila blanketi. Hesabu rasmi za Waingereza peke yao ziliwataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria walioichunguza vita hiyo wanaiona hesabu hiyo kuwa ya chini mno. Waliobebeshwa mizigo na Wajerumani hawakuandikwa kwa utaratibu wowote wa kuaminika.

Rudi sasa kwenye yale maneno. Ukiliita jeshi mwili, mwili huo una kichwa, na kichwa ni majenerali. Una macho, nayo ni wapelelezi. Miguu na mikono ndiyo inayopelekwa. Mguu haupewi habari ya safari, unaamriwa kutembea. Mkono hauulizwi mzigo ni mzito kiasi gani. Wala hakuna anayeupa mguu wake jina, kwa sababu jina analo mwenye mguu. Basi yule aliyechagua viungo hivyo viwili alisema kwa usahihi kabisa jeshi lilimtakia nini Mwafrika wa Kavirondo, wa Unyamwezi, wa Uluguru. Lilitaka abebe na aende.

Na tamathali yenyewe ilisema uongo mahali pamoja, nami napenda tupatazame hapo. Mtu akikatwa mguu hulia, huugua, na mwili wake wote huutafuta mguu usiokuwapo. Jeshi lile lilipoteza miguu na mikono kwa makumi ya maelfu, likaagiza mingine. Kwa hiyo haikuwa miguu yake. Ilikuwa miguu ya akina baba na kaka wa watu wengine, na waliolia kwa kukatwa walikuwa vijijini.

Maandishi yale yale yanamalizia kwa ahadi, kwamba anayeipigania nchi yake hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri. Lakini zunguka sanamu ile ya Dar es Salaam, soma pande zote, hutaliona jina la mpagazi hata mmoja. Makaburi ya wengi wao hayakuwekewa alama. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Tume ikaomba radhi. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita.

Tulichobaki nacho ni jina la mahali. Wapagazi wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps walipiga kambi Dar es Salaam baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, na watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi wanayo Kariokor yao. Kila siku maelfu ya watu hununua vitenge na mchele juu ya kambi ile. Mtaa umekaa mahali pa watu wote wale, na ni sehemu ndogo mno.

Sisemi tuache kusema hivi. Lugha isiyotaja sehemu kwa ajili ya kizima haipo, na Kiswahili kingekuwa kikavu bila viungo vyake. Watu wakijichagulia wenyewe, mambo huwa mazuri. Hapo hapo Kariakoo, washabiki wa Simba hujiita Msimbazi kwa jina la mtaa wa klabu yao, na wa Yanga hujiita Jangwani, na mtaa huo mmoja unawabeba mashabiki wa Mwanza, Mbeya na Zanzibar ambao hawajawahi kukanyaga pale, nao wanaubeba kwa fahari. Wamejipa wenyewe. Tofauti yote imo humo.

Yafaa tusikilize midomo yetu pale tunapompa mwingine. Katika wodi nyingi mgonjwa huitwa kitanda namba fulani, au yule mguu, au yule figo. Najua wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi, na usiku ni mrefu, na namba huzuia dawa isikosewe. Lakini yule mguu amelala pale anasikia. Jina lake limeandikwa kwenye cheti, kulisoma hakuchukui muda zaidi ya kuisoma namba.

Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zetu wenye ulemavu. Tumezoea kusema kipofu, kiziwi, kiwete, na kwa neno moja kiungo kisichofanya kazi kimemeza viungo vyote vinavyofanya. Wapo wanaosema ubaya uko kwenye ile ki- ya mwanzo, inayofanana na ya vitu. Sikubaliani nao, maana kijana na kiongozi nao wana ki- hiyo hiyo, na tena sarufi yetu imekataa kumgeuza mtu kitu. Tunasema kipofu amekuja, hatusemi kimekuja. Ubaya uko kwenye uchaguzi wa kiungo. Mwalimu asiyeona ana akili, ana sauti, ana mke, ana mkopo benki, na sisi tumechagua macho. Vyama vya watu hawa vilipigania usemi mwingine kwa miaka mingi, na Tanzania ikaupokea hata katika jina la sheria yake, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Neno watu limetangulia. Wapo wanaoona usemi huo ni mrefu na wa kiofisi. Mimi naona silabi chache za ziada ni malipo madogo kwa mtu mzima.

Waandishi wenzangu wa habari nao nawaomba jambo. Ajali inapotokea tunakimbilia idadi, vichwa kadhaa, roho kadhaa. Roho angalau ni neno lenye heshima, maana ndicho kilicho kikubwa kuliko vyote ndani ya mtu. Lakini siku ya pili na ya tatu, ndugu wakishaarifiwa, tutaje majina, umri na makwao, hata kama ukurasa utajaa.

Na wewe unayenisikiliza, huenda katika ukoo wenu alikuwapo mtu aliyechukuliwa vitani kubeba mizigo, au aliyekwenda manamba asirudi. Familia nyingi zinaye. Mjukuu wake huenda bado yu hai, amezeeka, naye ndiye wa mwisho aliyesimuliwa na baba yake mzazi. Nenda kamwone mwaka huu. Muulize jina kamili la mtu huyo, jina la baba yake, kijiji alichotoka, walimchukua wapi, na nani alibaki akimngoja. Yaandike kwenye daftari, kisha nakala moja ipeleke shuleni kwa mwalimu wa historia na nyingine Makumbusho ya Taifa.